Maneno Yaliyoishinda Mikono

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Meneja wa Kiwanda, wasimamizi wa zamu, ndugu wageni waalikwa mliokaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, na ninyi wa chumba cha kufumia mliopangwa huko nyuma kwenye mabenchi: nawasalimu nyote. Mshereheshaji ameninong'oneza niseme tu "itifaki imezingatiwa" ili tuokoe muda. Sitasema. Tangu tuketi hapa wamepita wasemaji wanne, na hakuna hata mmoja aliyeyataja mabenchi ya nyuma. Sasa itifaki hiyo imezingatiwa na nani?

Mimi ni mke wa mstaafu. Kazi yangu ni ufundi cherehani, kibanda changu kiko ng'ambo ya geti lenu, na baadhi yenu mmevaa kazi ya mikono yangu hapo mlipo. Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, kwa kuwa mume wangu hawezi kusimama hapa mwenyewe. Sauti yake siku hizi haijui ipande wapi ishuke wapi. Kwa wageni msiomjua, ndiye yule pale mwenye shati la bluu, aliyekaa na shemeji yangu, fundi wa mashine. Amefuma vitambaa vya kiwanda hiki miaka thelathini na ushei, na sasa hasikii. Naanza na hilo, maana wote walionitangulia wamelizunguka kama watu wanaokwepa dimbwi.

Mniwie radhi pia kwa kukishusha kipaza sauti hiki mpaka kifuani. Najua kukishika. Ila wafumaji husoma midomo, na Ndugu Meneja alipohutubia alikibana mdomoni kana kwamba anataka kukimeza, mume wangu asione neno hata moja. Mimi ataniona. Ninyi mlio karibu mtanisikia, na walio mbali wanajua kusoma.

Ndugu wageni, huenda hamjawahi kuingia chumba cha kufumia mashine zikiwa zimewashwa zote. Ukipiga kelele humo, hujisikii mwenyewe. Kwa hiyo watu wa humo wana lugha yao ya mikono na midomo, waliyorithishana tangu mashine ya kwanza ilipofungwa. Ukisokota vidole hivi, uzi umekatika. Vidole viwili begani, msimamizi anakuja. Vidole viwili begani halafu ukivuta shavu, anakuja na ameamkia upande mbaya. Kuna ishara ya njaa, ya ujauzito, ya "nishikie mashine naenda chooni". Na uongo una ishara yake: unakiweka kiganja mbele ya mdomo, hivi, kitupu, unakipuliza. Basi. Hakuna kitu juu yake.

Lugha hiyo wametoka nayo mpaka mitaani. Kuna siku tulikuwa msibani kwa jirani, wafumaji wakajikusanya pembeni, wanabishana kwa mikono juu ya mechi ya jana yake, mikono inapanda inashuka, nyuso zimekunjamana. Shangazi wa marehemu akawaendea machozi yakimtoka, akawashukuru kwa kumwombea mpwa wake. Nao wakaitikia amina, wangefanyaje?

Lakini lugha hiyo ina sheria moja. Mikono inachoka. Mtu mwenye mashine nne za kuangalia hawezi kuinyanyua mikono yake kusema jambo ambalo si jambo. Ndiyo maana nimemtazama sana shemeji yangu leo. Kazi yake hapa ilikuwa kumtafsiria mume wangu hotuba zenu, kwa kuwa yeye bado amebakiwa na sikio moja. Ndugu Meneja aliposimama akasema, "Pamoja na changamoto mbalimbali tunazozipitia, sisi kama familia moja tumeendelea kuboresha mazingira wezeshi kwa wadau wetu wote," shemeji akanyanyua mikono yake, akaitazama, akairudisha magotini. Mume wangu akamgusa: anasema nini? Shemeji akamjibu: bado hajaanza.

Mmecheka. Mimi sikucheka. Hotuba ile ilikuwa ndefu, mikono ya shemeji ikanyanyuka mara mbili tu: mlipolitaja jina la kiwanda, na mliposema chakula kiko tayari.

Hebu mniambie, hili neno changamoto lilituingia lini? Zamani watu tulikuwa na shida. Tulikuwa na ajali, na uzembe, na dhuluma, na kila kimoja kilikuwa na jina lake, ukilitaja mtu anajua ashike fagio au akimbilie polisi. Siku hizi choo kikiziba ni changamoto, mtu akikatwa kidole ni changamoto, na mume wangu, nilipokwenda ofisini kwenu kuuliza habari zake, niliambiwa ana "changamoto ya masikio". Nikamuuliza yule dada wa mapokezi, hiyo changamoto alimpa nani? Akaniambia nikae, nitaitwa. Mimi ni fundi, ndugu zangu. Nguo inayomtosha kila mtu ni gunia.

Na mchakato je? Wafumaji wameomba vifuniko vya masikio, vile vya kuvaa kichwani, tangu binti yetu wa mwisho ananyonya. Hawakuomba mbingu. Waliambiwa suala lao liko kwenye mchakato. Wakauliza tena, wakaambiwa liko mezani. Wakauliza meza ya nani, wakaambiwa limepelekwa ngazi husika. Jamani, mimi nikichukua kitambaa cha bibi harusi, kisha kila akija nikamwambia gauni lako liko kwenye mchakato, mpaka bibi harusi mwenyewe akapata wajukuu, mtaniita fundi? Mtaniita mwizi, na mtakuwa mmesema kweli.

Sasa nitawasimulia kisa kimoja, na Ndugu Meneja atanisahihisha nikikosea.

Ofisi ya Meneja, kwa wageni msiojua, iko juu ya chumba cha kufumia, na upande mmoja ni kioo kitupu, ili awaone wafanyakazi wake. Siku hiyo asubuhi alikuwa amewakusanya wafumaji uwanjani, mashine zimezimwa. Wakamwuliza habari ya vifuniko. Akawajibu vizuri kabisa, mkono kifuani: "Nimewasikia ndugu zangu, tuko pamoja, jambo hili tutalifanyia kazi." Wakapiga makofi. Mume wangu naye alipiga, ananiambia alipiga kwa nguvu.

Wakarudi ndani, mashine zikawashwa. Meneja akapanda ofisini na mgeni wake, muuza mashine. Mgeni akasimama kwenye kioo, akawatazama walio chini, akayashika masikio yake mwenyewe kuulizia. Mume wangu alikuwa chini pale pale, akanyanyua macho. Akamwona Meneja anacheka. Akausoma mdomo wake kama ninyi mnavyonisikia mimi sasa: "Hawa wameshazoea. Sikio likishakufa halihitaji kufunikwa. Na wapya nao watazoea."

Ndugu Meneja, naona umeacha kunywa maji. Ulidhani kioo kinazuia maneno? Kinazuia sauti, na sauti ndiyo kitu ambacho watu wale hawakihitaji tena, mmewaondolea wenyewe. Miaka yote hii umekuwa ukiongea peupe. Wanajua ulichosema siku hiyo, na wanajua mengine mengi uliyoyasema kwenye simu ukiwa umesimama pale kitambi kimegusa kioo. Tulia, baba, sitayasema, leo si siku yake. Najua pia kwamba kesho mtatundika pazia. Kitambaa kipo, fundi nipo. Nitawashonea bure, zito, lenye bitana.

Jioni ile mume wangu alinieleza habari hiyo kwa ile sauti yake isiyojua kushuka, mpaka jirani akafunga dirisha. Mimi nilikuwa napiga pasi. Nilidhani nitamkuta na hasira. Hakuwa nayo. Alikuwa kama mtu aliyepumzika. Akaniambia, "Mke wangu, leo kwa mara ya kwanza nimemwelewa bosi." Na kweli, ndugu zangu. Maneno yale yalikuwa ya kinyama, lakini yalikuwa maneno. Hayakuwa na wadau ndani yake. Mtu angeweza kuyatia kwenye mikono, na waliyatia, na kufikia mwisho wa zamu chumba kizima kilikuwa nayo.

Ninachowaomba radhi sasa ni kuingiza mambo ya nyumbani kwangu. Lakini si mmesema sisi ni familia moja? Basi sikilizeni habari za familia yenu.

Mume wangu huyu mlimwita Kasuku, alipoanza kazi, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alikuja kwenye kibanda changu kushonewa suruali, akaongea mpaka nikashona mguu mmoja mfupi. Aliporudi kulalamika akaongea zaidi, nikaona heri niolewe naye tu, suruali nitairekebisha baadaye. Huyo ndiye mtu mliyemchukua. Halafu asubuhi moja, mvua imepiga bati usiku kucha, hatukulala mimi na watoto, yeye akatoka mlangoni akauliza nani amemwaga maji uani. Nilisimama na chai mkononi. Kisha nikamwendea, nikamgusa bega. Tangu siku hiyo nyumba yangu ni nyumba ya kugusana mabega.

Namlilia mume wangu? Nimeshamlilia, yamekwisha. Aliyenisimamisha hapa ni mwingine.

Binti yetu wa mwisho naye ni mfumaji, na ndiye anayerithi mashine za baba yake. Yuko humo mwaka wa tatu sasa. Juzi nilikuwa uani naanua nguo, yeye jikoni amenipa mgongo anakata vitunguu, maziwa yakaanza kufurika kando yake. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti ile ambayo mama akiita hata watoto wa jirani wanaitika. Maziwa yakamwagika mpaka chini, na mwanangu anakata vitunguu. Aligeuka alipoona kivuli changu ukutani. Akaniambia, "Mama, mbona hukuniita?"

Kwa hiyo nikafanya ninachojua kufanya. Nikachukua vipande vya vitambaa vya kiwanda hiki hiki, nikavijaza pamba, nikamshonea vifuniko vya masikio vyenye mkanda wa kichwani. Si dawa kamili, fundi wa mashine ameniambia, lakini vinapunguza. Akaenda navyo kazini. Kabla ya chai ya asubuhi msimamizi wa zamu, yupo hapa, anaangalia viatu vyake, akamvua mbele ya wenzake. Alimwambia vifuniko hivyo "havijaidhinishwa na ngazi husika". Nikamfuata getini nikamuuliza: kwa hiyo uziwi ndio ulioidhinishwa? Akaniambia, "Mama, usinielewe vibaya." Hilo nalo ni neno lenu mnalolipenda. Mtu akishaeleweka vizuri kabisa ndipo huomba asieleweke vibaya.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakugeukia wewe, kwa heshima yote. Wewe ni mgeni wa siku mbili tatu kwenye kiwanda hiki kila mwaka, na huenda haya huyajui. Sasa unayajua. Nina swali moja, na ninaomba neno moja. Sitaki aya. Vifuniko vya masikio kwa chumba cha kufumia vitanunuliwa, ndiyo au hapana? Kama neno ni zito, tikisa kichwa tu. Ukisema ndiyo, nitapiga vigelegele hapa mpaka taa zidondoke. Ukisema hapana nitakushukuru pia, wallahi, maana hapana ni neno la kiungwana. Mtu akikwambia hapana unajua mlango ulipo. Ni haya maneno mengine yanayomweka mtu kwenye benchi mpaka anazeeka.

Nasubiri, Mheshimiwa.

Naona mmeinamiana na Meneja mnanong'ona. Nong'oneni tu, msijali, mimi kweli siwasikii.

Mume wangu ananyanyua mkono. Ngoja kidogo, ananiambia... Haya. Mheshimiwa, mume wangu anasema umeuliza, "Huyu mama nani kampa kipaza sauti?" Na Ndugu Meneja amejibu, "Mwambie tutalifanyia kazi, akae chini, chakula kinapoa."

Sasa hivi! Bado hamjainua vichwa! Nimetoka kuwasimulia kisa cha kioo, mkageuka mkarudia mbele ya mabenchi mazima ya watu wasomao midomo. Na hata mkinong'ona, hata mkiwa wawili tu, hamna neno jingine? Mume wangu mlimwita Kasuku kwa kuongea sana, kumbe kasuku mlikuwa mnamfuga meza kuu.

Ndugu wageni waalikwa, nawaomba mgeuke nyuma mara moja. Geukeni tu, haiumi. Tazameni mabenchi. Mnaviona hivyo viganja? Sikuwaambia wafanye hivyo, hatukupanga. Wote wanapuliza viganja vitupu, wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni, hata shemeji yangu, na yule mwenyekiti wa chama chao aliyekaa mbele, ambaye zamani alikuwa mfumaji, naona mkono wake unamwasha. Ishara hiyo nimeshawafundisha. Sina haja ya kutafsiri.

Basi, namaliza. Kwanza ni shukrani, maana ndizo nilizotumwa. Kiwanda kimempa mume wangu redio, kama kinavyompa kila mstaafu, na kila mfumaji aliyestaafu kabla yake ameipeleka kwake, ameifunika kitambaa, ameiweka juu ya kabati. Sisi tunaiacha hapa mezani. Mpeni Ndugu Meneja, imsaidie kusikia maneno mapya.

Pili, pale mlangoni kuna mfuko. Ndani yake nimeshona vifuniko vya kila mtu wa chumba cha kufumia, kwa vipande vyenu wenyewe. Kila mmoja achukue chake akitoka, kesho avae. Na msimamizi atakayewavua aje na mdomo usiofunikwa, aseme kwa nini, kwa maneno yanayoingia kwenye mikono. Akiyapata, nitanyamaza.

Cha kwanza kabisa nilitaka nimvishe binti yangu hapa mbele yenu. Ndiye yule kwenye benchi la tatu, mwenye kilemba cha kijani, aliyegeuka anaongea na wenzake kwa mikono, kanipa mgongo. Mwanangu, njoo.

Njoo, mama. Nakuita.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe umenisikia nikimwita, si ndiyo? Na wewe, Ndugu Meneja, umenisikia. Ukumbi mzima umenisikia, mpaka wapishi mlangoni wamegeuka.

Aliye karibu naye amguse bega, tafadhali. Nawashukuru wote walionisikia.